Bachela Dar anahitaji mshahara wa shilingi ngapi?

Nimepata ofa ya milioni 1 Dar, niko single, natokea Mbeya. Inatosha?

Inatosha ila hiyo milioni yenyewe huioni mdogo wangu. NSSF (mfuko wa pensheni) wanaanza na asilimia 10, laki moja hiyo, kwenye laki tisa iliyobaki TRA wanabeba kodi 103,000, unabaki na 797,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi toa tena asilimia 15 ya basic, yani laki na nusu, take home ni 647,000. Pigia hesabu hiyo, milioni ni ya kwenye barua tu.

Sasa mbona watu wenye mishahara mizuri tu wanakopa mwezi wa kwanza?

Kodi ya nyumba mkuu! Tuseme umepata chumba master Tabata cha 150,000, mwenye nyumba hataki mwezi mwezi anataka miezi sita, hapo 900,000, dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, 150,000, tena ashakula hela ya kukuonyesha (unazungushwa vyumba vitatu vya hovyo ndo unapelekwa kwenye chenyewe). Milioni moja na elfu hamsini imeenda na hata godoro huna, ndo mtu anakimbilia mikopo ya riba kubwa, kausha damu, halafu anailipa mwaka mzima. Mi nakushauri kaa kwa ndugu miezi mitatu ukusanye, hata kama shemeji ananuna.

Nipange mbali au karibu na kazi?

Chanika kodi iko chini, ila kama kazi ni Posta utapanda gari mbili kwenda mbili kurudi na mvua ikinyesha ni boda. Hesabu nauli kwanza.

Luku ya elfu 5 haikai, tatizo nini?

Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, hiyo ni ya mwenye nyumba, mdai. Halafu kama wapangaji mnashea mita moja mkivuka uniti 75 kwa mwezi ile bei nafuu hamna tena, na kuna mmoja humo ana jiko la umeme anajifanya hajui.

Taja figa basi

Take home laki nane, huna mkopo na unapika. Wa laki tano wanaishi pia, wengi tu, ila ndo hivyo akiumwa jino anaanza kupigia watu simu.