Wasomaji Wanauliza: Wanataka Kufunga Shule ya Mtaani Kwetu

Swali: Mhariri, tunaishi Pennsylvania, Marekani. Wanangu wawili husoma shule ya msingi ya serikali, na huenda kwa miguu. Wiki hii wameleta karatasi ya Kiingereza inayosema bodi inakusudia kuifunga shule na kwamba kutakuwa na kikao cha kusikiliza maoni. Jirani anasema tusijisumbue, uamuzi umeshapita. Ni kweli? – *Mama wa wawili, Pennsylvania*

Jibu: Si kweli, mama. Kifungu cha 780 cha sheria ya shule za umma ya Pennsylvania kinaitaka bodi ifanye kikao cha hadhara angalau miezi 3 kabla ya kuamua kufunga shule kabisa. Tangazo la kikao hicho lazima litoke kwenye gazeti la eneo lenu siku 15 au zaidi kabla yake. Kikao kikiwa tarehe 20 Januari, tangazo liwe limetoka kufikia tarehe 5, na kura isipigwe kabla ya tarehe 20 Aprili. Andika tarehe hizo tatu, uzibandike kwenye friji. Gazeti lenye tangazo likate ulihifadhi, maana likichelewa hata siku mbili, hicho ni kipande cha ushahidi.

Kosa tunaloliona sana ni hili: wazazi hujaa ukumbini siku ya kikao, wakalia, wakapiga makofi, kisha wakakaa kimya miezi mitatu. Kumbe miezi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wiki ya kwanza peleka ombi la maandishi kwa ofisa wa kumbukumbu wa wilaya ya shule, ukitumia sheria ya serikali ya jimbo ya haki ya kupata taarifa. Mwombaji anatakiwa awe mkazi halali wa Marekani. Wana siku 5 za kazi za kujibu, na wanaweza kujiongezea hadi siku 30, ndiyo maana ombi halingoji. Omba vitu vitatu: hesabu ya nafasi katika kila shule, makadirio ya fedha zitakazookolewa, na mpango wa mabasi.

Hesabu ya nafasi ndiyo inayoua shule nyingi, na mara nyingi imekaa vibaya. Tuseme shule ina vyumba 18. Ofisi inazidisha vyote kwa wanafunzi 25, inapata nafasi 450. Wanafunzi wakiwa 270, karatasi inasema shule imejaa asilimia 60 tu. Sasa pita mlango kwa mlango. Vyumba 5 ni vya Kiingereza kwa wageni, muziki, maktaba, tiba ya usemi na ushauri. Viwili ni vya watoto wenye mahitaji maalumu, kila kimoja watoto 10. Vinabaki 11 vya watoto 25, yaani 275. Ongeza 20, unapata nafasi 295. Shule ile ile imejaa karibu asilimia 92. Ukiiweka hesabu hiyo mezani, chumba kwa chumba, mjumbe wa bodi atalazimika kuijibu.

Kwenye fedha, uliza walimu wanakwenda wapi. Wakihamia na wanafunzi, mishahara yao inabaki pale pale. Na jengo lililofungwa bado linataka bima, ulinzi, na joto la kuzuia mabomba yasipasuke kwa baridi.

Kuhusu njia, itembee mwenyewe saa moja asubuhi hadi shule mpya, uandike kila barabara isiyo na njia ya miguu na kila reli. Wilaya inayosafirisha wanafunzi haitakiwi kumtembeza mtoto wa msingi zaidi ya maili 1.5, kama kilomita 2.4. Njia ya hatari huamuliwa na idara ya uchukuzi ya jimbo, na wilaya ndiyo huomba uchunguzi, iandikieni iombe.

Siku ya kuzungumza mara nyingi mtapewa dakika 2 au 3. Gawaneni: mmoja nafasi, mmoja fedha, mmoja njia. Kila mmoja amkabidhi katibu wa bodi nakala ya maneno yake na aombe iingie kwenye kumbukumbu.

Swali: Kiingereza changu ni kidogo. Mwanangu wa darasa la sita anaweza kunitafsiria?

Jibu: Asikutafsirie. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaibana wilaya iwape wazazi taarifa kwa lugha wanayoielewa, bila malipo, kwa mkalimani anayeijua kazi. Omba kwa barua pepe mapema, useme wazi kama ni Kiswahili cha Kongo, kwa kuwa mkalimani asiyekizoea hupoteza nusu ya maneno. Omba mtu awepo ukumbini, si sauti ya simu, na muda wa kutafsiri usihesabiwe katika dakika zako.

Swali: Mimi si raia. Nitaruhusiwa kusema?

Jibu: Ndiyo. Sheria ya mikutano ya wazi inataja wakazi na walipa kodi, haidai uraia. Kuwapigia kura wajumbe wa bodi ndiko kunakohitaji uraia.

Swali: Wakifunga bila kufuata utaratibu, mahakama inasaidia?

Jibu: Imewahi. Mjini New York, mwaka 2010, mahakama ilibatilisha kura ya kufunga shule 19 kwa sababu taarifa za athari zilizotakiwa na sheria ya huko hazikuwa na maelezo ya kutosha. Mahakama ya rufaa ilikubali. Pennsylvania, ukiona mkutano wa bodi umevunja sheria ya mikutano ya wazi, kwa mfano wamepiga kura bila kuwapa wakazi nafasi ya kusema, una siku 30 tangu siku ya mkutano kufungua shauri. Muone wakili wiki hiyo hiyo, ukiwa na kipande cha gazeti, ajenda na nakala za barua zako zote.