Gunia la jirani lifungwe siku moja na la kwako

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Umeniandikia kwamba huko Urambo umevuna magunia tisa ya mahindi, nyumba yenu ni watu watano, na ikifika Januari majirani wawili hukugongea mlango. Unauliza utoe kiasi gani watoto wasilale njaa, na kama ni dhambi kusema "yameisha" na huku stoo ina gunia.

Anza na haki isiyo yako, yaani zaka. Katika Suratul-An'am aya ya 141 tumeamrishwa tutoe haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake, na hapohapo tukakatazwa kupita kiasi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii nisabu ya nafaka, yaani kiwango ambacho yakifika zaka inawajibika, ni wasaki 5 (kipimo cha zamani), ambazo hukadiriwa kuwa kilo 653, yaani magunia sita na nusu ya kilo 100. Magunia yako tisa yamepita hapo. Shamba lako ni la mvua, kwa hiyo unatoa sehemu moja ya kumi: kilo 90. (Lingekuwa la kumwagilia kwa gharama, ingekuwa moja ya ishirini.) Pima mahindi yakiwa makavu na yamepepetwa, na usiyajumlishe na mpunga.

Yanabaki magunia manane na kilo 10. Watu watano wanaokula ugali kila siku wakadirie nusu gunia kwa mwezi, hivyo sita kwa mwaka. Moja ni akiba ya mvua kuchelewa. Hilo usiliuze kabla ya Machi, ukishaona mahindi mabichi shambani. Moja lililobaki ni la majirani. Kwa hiyo una cha kutoa, tena bila hofu, mradi ukitenge sasa. Anayesubiri Januari ndipo aangalie kilichobaki atatoa kwa kinyongo, au atatoa yaliyobunguliwa.

Hapo kwenye yaliyobunguliwa nataka unisikilize sana. Al-Baqara 267 inatukataza kuchagua kibaya ili tukitoe. Mahindi yenye ukungu hayafai kwa jirani wala kwa kuku wake. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au zilizovunjika zitoe zote kabla ya kufunga. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi usiichanganye kamwe na chakula.

Mkoa wetu unamjua dumuzi kuliko wengi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na Afrika alionekana kwanza hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anapenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa sababu punje haichezi naye anapata pa kujishikiza anapotoboa. Kwa hiyo pukuchua mapema. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo, na jioni uyafunike. Kupima, chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu vijiko vitatu, jaza mahindi mpaka theluthi, tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isiponata usishangilie haraka. Anika tena siku mbili za jua kali, maana ghalani tunataka 13.

Tumia mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka ya tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Kabla ya kujaza, pulizia hewa kila mfuko wa ndani na uubane, usikilize kama unavuja. Jaza ule wa ndani, shindilia hewa itoke, sokota shingo, ikunje, funga kwa mpira. Fanya hivyo kwa wa pili, halafu wa nje. Wadudu waliomo watamaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Panga juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, upate pa kupita kumtafuta panya: tundu lake moja linarudisha hewa na kazi yote imepotea.

Sasa ujue kwa nini gunia la majirani linafungwa peke yake. Ukifungua mfuko huu kila wiki kuchota kibaba, umewapa wadudu pumzi. Unafungua mara moja tu. Fungua Januari, na siku hiyohiyo ligawe lote: debe tatu nyumba hii, debe tatu ile, kwa debe lilelile. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasifu Waash'ari kwa sababu chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Peleka wewe mwenyewe baada ya Isha. Usiwaite waje na ndoo mchana, mtaa mzima ukitazama. Masimbulizi (kumsimanga mtu kwa ulichompa) na maudhi yanabatilisha sadaka. Kama mmoja wao si Mwislamu, zaka usimpe, ila hii ni sadaka, na haki ya ujirani haiulizi dini.

Gunia hilo likiisha na mtu akaja tena, usiseme "yameisha". Huo ni uongo. Mwambie taratibu kwamba yaliyobaki ni ya watoto. Kauli njema nayo ina daraja lake. Unaweza kumpa michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) au nsansa (mboga za majani zilizokaushwa), ndiyo maana nasisitiza mkeo akaushe vya kutosha Juni hii, viazi vikiwa vingi.

Akitaka kukopa, mkopeshe debe akurudishie debe. Utasikia watu wakitoa gunia moja wakati wa njaa na kudai mawili wakati wa mavuno, na wanauita msaada. Mahindi kwa mahindi yenye nyongeza ni riba, mwanangu, hata mkopaji akiridhia. Andika deni, weka shahidi, na mavuno yake yakiharibika mpe muda mpaka msimu mwingine, au msamehe.

Wasalimie mkeo na wajukuu zangu. Mifuko inunue wiki hii, bei haijapanda.

Baba yako,
Tabora