Dakika tano kwenye barabara ya Sake

Binti yangu mpenzi,

Umeniuliza kama ukubali kufundisha masomo ya mchana ambayo mkuu wa shule huko Lubumbashi anataka kukuongezea juu ya yale ya asubuhi. Nimelala na swali lako siku tatu, na kila nikishika kalamu najikuta kwenye barabara ya Sake.

Unaikumbuka. Mei 27, 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana akatangaza alfajiri kwamba tuhame. Kutoka mtaani kwetu Majengo, hapa Goma, kwa miguu, godoro kichwani kwangu, wewe na kidumu cha njano. Tulipopita Mugunga ukakiweka chini kando ya mawe meusi, ukakikalia. "Mama, dakika tano tu." Nikakuvuta mkono: "Simama, watu wanatupita!" Ukasimama. Hukuomba tena mpaka Sake. Usiku, katika darasa tulimolala, maumivu yakakushika magoti na mgongo, ukauma pindo la kitenge changu usije ukaamsha watoto wa watu.

Maumivu ya SS, huu ugonjwa wako wa selimundu, tumeyaona mengi, wewe na mimi. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba hukuomba tena.

Na si kwamba sikujua! Daktari alikuwa ametueleza zamani, baba yako na mimi tumeketi mbele yake: chembe nyekundu za mtu mwenye afya huishi siku kama 120, zako siku 10 hadi 20. Mwili wako unatengeneza damu upya usiku na mchana. Hiyo tayari ni kazi, kabla hujatia mguu chini. Ndiyo maana nasema na nitazidi kusema: pumzika kabla ya kuchoka. Siku unayojisikia mwepesi ndiyo ya kujihadhari, maana ndiyo siku unafua, unapika, unaenda kusalimia watu wote, kisha unalala kitandani siku nne.

Lakini sitaki uishi kama yai. Nilipokukataza kuruka kamba, shangazi yako aliniambia namfungia mtoto ndani, na alisema kweli. Kodi ya nyumba nayo haingojei mtu apumzike. Tena uliponisimulia darasa lako linavyosoma, nilisikia sauti yako imefunguka. Ila mwezi wa 6 unakaribia, na asubuhi za huko zina baridi, na wewe na baridi mnajuana. Saa za mchana juu ya hizo? Hapana... ngoja.

Jibu ninalo, liko mdomoni. Lakini mwendo wako nilikuamulia mara moja, na nimeona. Niambie kwanza: kati ya asubuhi na mchana utapata saa ngapi, na mahali pa kujinyoosha? Darasa liko ghorofani? Na mkuu wa shule anajua kwamba lazima unywe maji kutwa, na kutoka kila mara?

Mama yako,
Goma