Lundo la mboji linanuka

SWALI: Lundo langu la mboji lina wiki tatu. Halipati joto, na linanuka vibaya. Nimekosea wapi?

JIBU: Maji yamezidi na hewa haipiti. Ligeuze lote leo, ukichanganya mabua makavu yaliyokatwakatwa: ndoo mbili za makavu kwa moja ya majani mabichi au samadi. Kisha kamua mboji kiganjani kwa nguvu. Tone moja au mawili yanatosha. Ikichuruzika, ongeza makavu. Lundo lifike angalau mita 1 kila upande, maana dogo halitunzi joto. Baada ya siku tatu chomeka kijiti hadi katikati. Kikitoka cha moto, linaiva. Magugu yenye mbegu yaache kando kwa sasa: lundo lililopoa haliui mbegu, utayapanda mwenyewe tutani.