Maswali Yenu: Mashairi Ufukweni, na Vitabu Vyenye Ukungu

SWALI: Chama chetu cha wasomaji kina watu 25. Desemba tunakwenda Pangani, na tunataka kusoma mashairi ufukweni siku ya mwezi mpevu, kuanzia saa kumi jioni. Tujiandae vipi? Na je, hoteli zikitufukuza? — Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Hiyo saa kumi ifuteni. Mwezi mpevu huja na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na mwambao wa Tanga bamvua hujaa karibu na saa kumi alasiri. Mtapanga viti saa tisa kwenye mchanga mkavu, na shairi la tatu litasomwa miguu ikiwa majini. Anzeni saa moja na nusu usiku: maji yatakuwa yanapwa, na mtakuwa na ufuo hadi saa nne na zaidi. Mkiahirisha kwa siku moja, sogezeni mbele dakika kama 50, maana maji huchelewa hivyo kila siku. Wanaotaka jioni kwa lazima wangoje maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, mwezi ukiwa nusu.

Sisi wa huku mlimani tukiona mchanga umekauka hudhani bahari haifiki. Tafuteni mstari wa mwani na vijiti vilivyosukumwa na wimbi. Viti vikae juu ya mstari huo.

Desemba ni msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, kwa hiyo karatasi zitapeperuka. Mashairi yabanwe kwenye kibao chenye klipu, maiki ivishwe sponji (soksi safi nayo inafaa), na msomaji aupe upepo mgongo ili sauti iende kwa wasikilizaji.

Kuhusu hoteli: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini msiende na sheria mkononi kama watu wa kesi. Ugomvi mara nyingi huanzia njiani, watu wanapokatiza uwanja wa hoteli. Pelekeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji wiki mbili kabla, mkitaja idadi ya watu, saa na spika, kisha mwulizeni wavuvi hupita wapi kwenda ufukweni. Piteni hapo hapo.

SWALI: Tumeletewa maboksi ya vitabu kutoka Tanga, vina ukungu. Tuvianike juani? — Kiborloni

JIBU: Hapana. Jua kali hukausha gundi ikapasuka, na majalada yakajikunja. Vitengeni na vingine, visimamisheni vikiwa wazi kidogo, kivulini penye hewa, siku mbili tatu. Ukungu ukishakuwa unga, vaeni barakoa, tokeni nje, mpige brashi laini kutoka mgongoni mwa kitabu kwenda ukingoni. Kitambaa kibichi hapana, kinaushindilia ukungu ndani ya karatasi.

Baada ya hapo ukungu umelala tu, haujafa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi unaamka, na masika ya Moshi, Aprili na Mei, hupita kiwango hicho bila taabu. Rafu ikae sentimita kumi kutoka ukutani, na vitabu visibanwe sana.