Dawa yako ya presha inaitwaje? Majibu kwa wanaomeza vitamini na virutubisho

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: je, naweza kumeza hiki pamoja na dawa ya presha? Tatizo ni kwamba zaidi ya nusu mmeandika "dawa ya presha" mkaishia hapo. Dawa ya presha si moja. Amlodipine hulegeza mishipa ya damu. Losartan na enalapril huzuia homoni inayobana mishipa na kuufanya mwili ung'ang'anie chumvi. Hydrochlorothiazide, ile mnayoijua kwa herufi HCTZ, hukojoza. Atenolol hupunguza kasi ya moyo. Kirutubisho kinachopatana na ya kwanza chaweza kugombana na ya pili. Nimeanza na waliotaja majina.

Natumia losartan na HCTZ. Binti yangu aliye Marekani amenitumia multivitamini za wazee na chupa ya potasiamu, anasema inashusha presha. Nimeze zote? (Mwalimu mstaafu, Njoro)

Mwalimu, multivitamini meza. Chupa ya potasiamu iweke kando kwanza.

Binti yako hajakosea. Potasiamu ya kwenye chakula huisaidia figo kutoa sodiamu, ile ya kwenye chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka kwa chakula. Lakini losartan huifanya figo ishikilie potasiamu, na HCTZ huitoa kwenye mkojo. Zikiwa pamoja, moja inavuta huku nyingine inavuta kule, na hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kupenda kuziandika pamoja. Wewe ukiongeza potasiamu ya chupa, unaupa upande mmoja nguvu, na hatari ni kubwa zaidi ikiwa umri au kisukari vimeshachosha figo. Potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, tena mara nyingi bila kukuonya.

Sikutishi bure. Soma lebo: vidonge vingi vya Marekani vina miligramu 99 tu, karibu robo ya ile iliyo kwenye ndizi moja mbivu. Kimoja hakitakuangusha. Ninaowaogopa ni wale wanaomeza vitano kwa siku kwa kuwa "ni vitamini tu", na wale wanaonunua ya unga na kuipima kwa kijiko. Kliniki ijayo omba kipimo cha damu cha figo, kile ambacho maabara zetu huandika UEC, kwa sababu huonyesha na potasiamu. Daktari akiona iko chini, yeye mwenyewe ataandika. Ndizi na viazi vitamu endelea kula, isipokuwa uliwahi kuambiwa figo zina shida.

Nilipoambiwa nina presha niliacha chumvi ya duka. Sasa mrenda na kunde napikia musherekha, yale maji ya majivu. Jirani anasema hiyo nayo ni chumvi. Natumia enalapril. (Mama, Butere)

Mama, asante kwa swali hili, maana nimelingoja miaka. Jirani yuko sahihi, ila si chumvi ileile.

Ukichoma maganda ya maharagwe au ya ndizi, ukaweka majivu kwenye kichujio na kumimina maji, yale ya rangi ya chai yanayodondoka chini yana potasiamu kwa wingi kuliko sodiamu. Ni maji makali, ndiyo maana hulainisha mboga haraka. Kwa mtu mwenye figo nzima, vijiko viwili kwenye sufuria ya familia si jambo la kumkosesha usingizi. Lakini enalapril, kama losartan ya Mwalimu hapo juu, huhifadhi potasiamu. Na musherekha haina kipimo: ya leo nzito, ya kesho nyepesi, kutegemea ulichochoma na maji uliyomimina. Kwa hivyo ibaki ya mrenda. Usiifanye mbadala wa chumvi kwa kila chakula, asubuhi hadi jioni.

Wale wa mjini msicheke. Ile chumvi ya "wagonjwa wa presha" inayouzwa kwenye supamaketi za Kisumu na Nakuru ni yaleyale: wameondoa sehemu ya sodiamu wakaweka kloridi ya potasiamu. Kwa anayetumia amlodipine peke yake na figo zake ni nzima, inafaa. Kwa wa enalapril, losartan, telmisartan au spironolactone, muulize daktari kabla ya kuinunua.

Magadi ni habari nyingine. Hayo ni sodiamu moja kwa moja, hata kama hayana ladha ya chumvi ya mezani. Anayeyatia kwenye githeri ili iive haraka, kisha anasema hali chumvi, anajidanganya. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva haraka bila magadi.

Nina ujauzito wa miezi saba, nimepewa methyldopa mara tatu kwa siku na vidonge vya kuongeza damu. Navimeza vyote pamoja na chai ya asubuhi nisisahau. Ni sawa? (Mama mtarajiwa, Nyalenda)

Usiache hata kimoja, ila vitenganishe. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu hushikana na methyldopa tumboni, na dawa inayofika kwenye damu inapungua. Presha inapanda, daktari anaongeza dozi, kumbe kosa liko kwenye kikombe cha asubuhi. Nayo chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri, kwa hivyo hasara ni pande zote mbili.

Jaribu hivi: methyldopa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Kidonge cha damu saa nne asubuhi, kwa maji au maji ya machungwa, chai ikae mbali nacho. Ikiwa saa nne uko sokoni na utasahau, saa kumi na mbili jioni pia inafaa. La muhimu ni angalau saa mbili kati ya hivyo viwili. Mweleze muuguzi wa kliniki ulivyokuwa ukimeza, ili presha yako ya wiki zilizopita asiisome vibaya.

Na dada yangu, kichwa kikiuma sana kisiachilie, macho yakiona ukungu, au tumbo likiuma juu chini ya mbavu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nilinunua kapsuli za kitunguu saumu kwa muuzaji pale Kibuye. Niliacha amlodipine, siku ya tatu nikapimwa 132/84. Si nimepona? (Fundi wa baiskeli, Kondele)

Hujapona, fundi. Kilichokushushia presha siku ya tatu bado kilikuwa amlodipine. Dawa hii hutoka mwilini polepole: baada ya siku moja na nusu hadi mbili, nusu yake bado imo. Ndiyo maana anayeiacha hujiona mzima siku kadhaa, akamshukuru muuzaji, akawaambia na wenzake stejini. Baada ya wiki moja au mbili presha inarudi ilikokuwa, na wakati huo hakuna anayekupima.

Kitunguu saumu chenyewe si uongo. Utafiti umeonyesha kinaweza kushusha presha kwa kiasi kidogo, na pamoja na amlodipine hakina ugomvi mkubwa. Ila ukiwa unatumia aspirini au warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kapsuli zake huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na kabla ya upasuaji wowote, hata wa kung'oa jino, sema unazitumia. Kile cha kwenye mboga hakina neno.

Rudi kwenye amlodipine leo. Kapsuli ulizobaki nazo ukitaka zimalize, pesa ilishatoka. Kisha upimwe ipasavyo: keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Wahudumu wengi wa afya ya jamii sasa wana mashine, muulize wa mtaa wako.

Vitamini C ile ya kutia kwenye maji ikachemka, ina ubaya kwa presha? (Msomaji, Busia)

Vitamini C haina. Kinachochemka ndicho chenye sodiamu: kidonge kimoja cha namna hiyo chaweza kubeba zaidi ya miligramu 200, na kikomo cha siku nzima ni 2,000. Ukinywa viwili vitatu kila siku, ni kama kujitilia chumvi. Nunua ya kumeza au ya kutafuna. Au machungwa, ambayo Busia hayakosi. Panadol ya kuchemka nayo ina jambo hilohilo.

Mimi hutumia atenolol na HCTZ. Nguvu za kiume zimepungua. Kuna unga wa mukombero wa kwenye chupa, umechanganywa na mitishamba mingine. Utanidhuru? (Mzee asiyetaka jina, Kakamega)

Mzee, mzizi wa mukombero unaotafunwa stendi sina vita nao. Wazazi wetu waliutafuna. Vita vyangu viko na ile chupa ya "mitishamba mingine". Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta virutubisho vya nguvu za kiume vimetiwa sildenafil, dawa iliyo ndani ya Viagra, kimyakimya, na lebo inasema asili tupu. Sildenafil hushusha presha. Juu ya dawa zako yaweza kukuangusha, na kwa mtu anayetumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi yaweza kumuua.

Kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa: atenolol na HCTZ zote mbili zinaweza kuleta shida hiyo, na presha yenyewe pia huileta. Mwambie daktari, zipo dawa nyingine za presha. Anasikia maneno hayo kila siku, haoni haya kwa niaba yako. Ila atenolol usiikate ghafla, moyo unaweza kukimbia na kifua kubana.

Poda ya magoti imenisaidia ndani ya siku mbili, lakini presha imepanda. (Mama, Molo)

Siku mbili! Glukosamini, ambayo ndiyo kirutubisho cha kawaida cha magoti, haifanyi kazi kwa kasi hiyo hata kidogo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu virutubisho vya maumivu ya viungo vilivyouzwa kama vya asili huku ndani vikiwa na diclofenac, dawa ya maumivu, na dexamethasone, dawa ya steroidi. Zote mbili hupandisha presha, na kwa anayetumia losartan na HCTZ, diclofenac yaweza kuumiza figo. Peleka chupa hiyo kliniki wiki hii, na waambie umeitumia kwa muda gani. Ikiwa ni zaidi ya wiki chache, usiiache ghafla kabla hawajakuona, kwa sababu dexamethasone haiachwi hivyo.

Mafuta ya samaki na amlodipine? (Nakuru)

Meza. Omena ni bei nafuu zaidi, ila punguza chumvi unapoikaanga.

Kidonge changu ni cheupe, kidogo, jina nimesahau. Naruhusiwa kalsiamu na vitamini D? (Mama, Ahero)

Mama, vyeupe vidogo viko vingi. Nadhani ulipewa kwenye kile kibahasha cha karatasi kilichoandikwa "1×1" kwa kalamu na basi. Kirudishe ulikokipata, waambie wakuandikie jina la dawa na miligramu, ni haki yako. Ikiwa ni HCTZ, au imechanganywa na HCTZ, ngoja: dawa hiyo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo, na ukiongeza ya chupa na vitamini D inaweza kurundikana kwenye damu, ukaanza kufunga choo, kusikia kiu na kuchoka bila sababu. Ikiwa ni amlodipine, dozi ya kawaida haina shida. Ukipata jina, niandikie tena.