Jibu: Kwa nini Northanger Abbey imekuangusha

Umeuliza inakuwaje Persuasion ikulize halafu Northanger Abbey ikuache mkavu, na zote ni riwaya za Mwingereza Jane Austen. Zilitoka pamoja Desemba 1817, miezi mitano baada ya kifo chake, lakini Northanger Abbey aliiandika ujanani. Aliiuza 1803 kwa pauni 10 na mchapishaji akaikalia tu. Penzi lenyewe ni jepesi: Henry anavutwa na Catherine, mhusika mkuu, kwa kuwa ameona msichana kampenda, na mwandishi anakiri wazi! Halafu Eleanor, dada yake Henry, anaolewa na bwana tusiyewahi kumwona, ili baba yao alainike na kuwaruhusu Henry na Catherine waoane. Inauma. Ukipita kwenye vitabu vya mitumba hapa tao, chagua nakala yenye utangulizi. Hapo hutajwa wakati kilipoandikwa, si wakati kilipochapishwa tu.